Jua la chumbani kwangu Tabata, na ile paneli ya "wati 300" ya mama wa Chanika

Simu imeita saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata sijaangalia jina nikajua ni yule mama wa Chanika. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, friji imezima tena usiku, mtindi wa wateja wote umeharibika, sasa mi watu nawaambia nini?" Hiyo ilikua mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Paneli aliinunua mwenyewe kupitia mpwa wake Kariakoo lakini aliyefunga ni mimi, na friji ikizima hakuna jirani anaeuliza paneli ilinunuliwa wapi, wanauliza nani alikufungia.

Nyuma ya ile paneli kuna stika safi inang'aa, wati 300. Nilivyoifunga mwezi wa pili sikuipima. Nilisoma stika, nikapiga hesabu ya betri na friji kwa namba ya stika, nikafunga nikaondoka. Hilo ni kosa langu, nalisema wazi hapa kwasababu mafundi wengi tunalifanya na anaelipia ni mteja, na mteja mwenyewe ni mama anaeuza mtindi na juisi ya ukwaju ambae mtaji wake wote upo ndani ya hiyo friji.

Nikaenda Chanika siku hiyohiyo. Sasa huo ni mwezi wa nne, masika yenyewe. Nikachomoa paneli kwenye kontrola (kile kiboksi kinachosimamia kuchaji betri), nikaweka multimita kwenye ampia nikazishotisha waya zake mbili (asiyejua asiogope, paneli ukiishotisha haiungui, inakupa tu ampia zote inazoweza kutoa kwa mwanga uliopo muda huo), ikasoma 1.2. Nusu dakika baadae wingu likapasuka ikaruka mpaka 4.1, kabla sijaandika ikawa 0.9 na mvua ikaanza kudondoka. Nimekaa pale mpaka saa nane mchana nina namba kumi na mbili kwenye karatasi na hakuna mbili zinazofanana. Mama ananiangalia tu. Mpwa wake anasema paneli ni nzima tatizo ni mvua, mi nahisi tatizo ni paneli, na hakuna anaeweza kumthibitishia mwenzake kitu chochote kwa jua lile.

Kwenye daladala narudi nikawa nawaza kitu kimoja. Hizi paneli nyingi zinatengenezwa China, viwanda vinafanya kazi usiku na mchana, kuna baridi huko, kuna siku jua halionekani kabisa, na bado kila paneli inatoka na namba yake nyuma. Hiyo namba wanaipata wapi?

Wanaipata kwa jua la bandia. Na nilivyoanza kulifatilia hili suala ndo nikaona nimefanya kazi ya sola miaka sita bila kuelewa namba ninayoisoma kila siku.

Iko hivi. Wati za kwenye stika ni wati zilizopimwa kwenye hali moja waliyokubaliana dunia nzima, ina vitu vitatu. Mwanga uwe wa wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba. Seli zenyewe, yani vile vipande vya ndani ya paneli vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, ziwe na joto la digrii 25, seli sio hewa, shika hapo maana ntarudi. Na mwanga uwe na mchanganyiko wa rangi kama wa jua lililopita kwenye unene wa hewa mara moja na nusu ya ule wa jua la utosini, yani jua likiwa limeinama digrii kama 48 kutoka utosini. Kwa Dar hilo ni kama jua la saa tatu na kitu asubuhi au saa tisa na nusu alasiri. Mchana hapa kwetu linapanda juu zaidi ya hapo, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na karibu na tarehe 10 mwezi wa kumi, linapita utosini kabisa mpaka kivuli chako unakikanyaga. Kumbe lile jua la kipimo lilipangwa kwa kuangalia Marekani, hata paneli waliyoifikiria wameilaza digrii 37 kufatana na latitudo za kule. Sio kosa, ilibidi wachague jua moja ili paneli ya kiwanda hiki ilinganishwe na ya kiwanda kile, lakini ni vizuri ujue kwamba namba uliyonayo nyuma ya paneli haikupimwa kwa jua la kwenye bati lako.

Kiwandani paneli inaingizwa kwenye chemba ya giza, inamulikwa na flashi ya taa ya zenoni kwa milisekunde chache tu, na ndani ya muda huohuo mashine inabadilisha mzigo (yani kitu kinachokula umeme wa paneli) kuanzia paneli ikiwa imeshotishwa mpaka ikiwa wazi haina mzigo, inaandika volti na ampia za kila hatua. Unapata mchoro. Ampia zinaenda zimenyooka zimenyooka halafu zinafika mahali zinaporomoka, pale kwenye goti ndo paneli inatoa nguvu nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote na hiyo ndo inaandikwa kwenye stika. Kwanini flashi na sio taa inayowaka muda wote? Kwasababu seli hazipati muda wa kupata moto, zinabaki kwenye digrii 25 zake. Nilivyoelewa hapo nikakaa kimya kidogo. Yani namba tunayoipigia hesabu ya miaka ishirini imepatikana ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Basi nikasema na mi natengeneza jua langu. Nina chumba cha nyuma Tabata naweka vifaa, nikakitoa vitu. Fundi wa kuchomelea jirani akanitengenezea fremu ya chuma ya mita moja na robo kwa sentimita 70, nikanunua taa za halojeni zilizotumika za saiti, nane, za wati 500 kila moja. Nikazifunga juu, paneli ya mama nikailaza chini, nikawasha, breka ikajikata. Nikawasha tena ikajikata. Taa nane za wati 500 ni wati 4000, kwa volti 230 hiyo ni karibu ampia 17 na nusu na breka ya soketi ni ya 16, hesabu ya mtoto kabisa. Nikatoa mbili zikabaki sita.

Zikawaka. Chumba kikawa kama tanuri la mkate. Ndani ya dakika kumi mgongo wa paneli umefika digrii 70, na volti zilizoanza 21.3 zikawa zimeshuka mpaka 18.8 mwanga ukiwa uleule. Hapo ndo ile digrii 25 nikaielewa kwa mkono sio kwa kusoma. Silikoni, ile inayotengenezewa seli, ikipata moto volti zinashuka, na nguvu kwa ujumla inapungua kama asilimia 0.35 mpaka 0.4 hivi kwa kila digrii inayozidi 25, inategemea na aina ya paneli. Sasa chukua paneli ya Dar juu ya bati saa saba mchana, seli zipo digrii 60 na kitu, umeshapoteza karibu asilimia 15 na paneli haina ubovu wowote. Mteja akilalamika kwamba paneli yake ya wati 100 inatoa 85 mchana wa jua kali, hajaibiwa, hilo ni joto. Ndo maana unaacha nafasi kati ya bati na paneli hewa ipite chini, na mi nyumba ambazo nilibandika paneli juu ya bati kabisa nimeanza kuzirudia moja moja.

Dawa ya joto nikaiga kiwanda. Nafunika paneli na ubao mwembamba, nawasha taa nasubiri dakika tano zitulie, natoa ubao, nasoma ndani ya sekunde tatu, nafunika. Na feni chini. Ikakubali.

Sasa mwanga wenyewe ni kiasi gani? Kwanza nilitumia apu ya simu ya kupima mwanga, naomba usiitumie kwa kazi hii. Ile inapima mwanga kama jicho la binadamu linavyouona, silikoni haioni kama jicho, inaona mpaka kwenye infraredi ambako sisi hatuoni kitu, mpaka kama nanomita 1100 (nanomita ndo kipimo cha wimbi la mwanga, kila rangi ina namba yake). Kinachofaa ni kutumia paneli unayoiamini. Ninayo moja ya wati 100 nimeipima juani mara nyingi kwa miaka, stika inasema ampia 6.1 ikishotishwa na kweli kwenye jua zuri inazitoa. Ampia za kushotisha zinapanda na kushuka sawasawa na mwanga, kwahiyo ikisoma 3.05 chini ya taa zangu nimepata nusu jua. Nusu inanitosha, jua zima kwa umeme wa chumbani ni gharama kubwa mno na luku inalia.

Hapo nikadhani nimemaliza, kumbe ndo kwanza naanza kupotea.

Nilikua na paneli kuukuu, ilitolewa kwenye zahanati moja baada ya miaka kama kumi na tano, ule utando unaoshika seli chini ya kioo umegeuka njano ya chai. Nikaiweka chini ya taa kwa kujaribu tu. Ikasoma 2.9! Paneli yangu nzuri 3.0, kuukuu ya njano 2.9, seli zina ukubwa uleule. Nikafurahi nikasema hizi kuukuu bado nzima tuziuze vijijini. Kesho yake asubuhi mawingu yakafunguka kama saa nzima hivi, nikazitoa zote mbili nje. Nzuri 5.2, ya njano 4.5. Chini ya taa zinatofautiana asilimia tatu, juani asilimia kumi na tatu. Nikarudia chumbani, asilimia tatu. Nikarudia siku nyingine juani, kumi na tatu. Nilikaa na hilo jambo wiki nzima linanisumbua hata usingizini.

Ikabidi nimtafute mwalimu wangu wa zamani, yupo kwenye chuo kimoja hapa mjini na maabara yao ina simuleta ya jua ya kweli, yani mashine ya kutoa jua la bandia. Nikamwelezea, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Taa zako ni za aina gani?" Halojeni, nikamwambia. Akacheka kidogo akasema njoo uone.

Simuleta yao ni sanduku la chuma, ndani kuna taa ya zenoni, vioo na lenzi, inatoa doa la mwanga linaloshuka chini dogo tu kama kiganja, ni ya kupimia seli moja moja ndogo sio paneli. Tumevaa miwani maana ile taa ina miale ya urujuanimno inayoumiza macho. Seli inakaa juu ya kisahani kinachopozwa kwa maji. Pembeni kuna seli ya marejeo, yani ile ya kuaminika wanayolinganishia nyingine, imekaa kwenye kiboksi cha chuma chenye kidirisha cha kioo, ina cheti cha kupimwa, na anaishika kama sonara anavyoshika pete ya mteja. Akaniambia kijana wangu, mwanga mwingi sio jua. Nyuzi ya halojeni ina joto la kama digrii 3000 za Kelvin, uso wa jua kama 5800. Kitu cha 5800 kinawaka zaidi karibu na nanomita 500, hapo kwenye kijani na bluu. Kitu cha 3000 kinawaka zaidi karibu na 1000, infraredi, joto tu. Sasa ile njano ya paneli yako inakula rangi gani? Bluu. Na taa zako zina bluu kiasi gani?

Karibu hakuna. Bas, wiki nzima imeisha kwa sentensi moja! Taa zangu zilikua haziulizi lile swali ambalo paneli ya njano ingelifeli. Ni kama kumpima mtu macho kwa kumwonyesha herufi kubwa peke yake.

Akaniongezea la upande wa pili. Vile vipaneli vyeusi vya filamu nyembamba vya silikoni isiyo na fuwele, vilivyokua vingi sana zamani kwenye taa ndogo za sola, vyenyewe vinaona mpaka kama nanomita 730 tu vinaishia hapo. Ukiviweka chini ya halojeni utasema vimekufa wakati juani vinafanya kazi yake vizuri. Taa ileile inasifia kibovu na kusingizia kizima.

Ndo maana simuleta zinapewa madaraja, kuna kiwango cha kimataifa kinaitwa IEC 60904-9. Daraja ni herufi tatu kwa mpangilio, ya kwanza ni jinsi rangi zinavyofanana na za jua, ya pili mwanga ulivyosambaa sawa, ya tatu unavyotulia bila kuyumba. Kwa rangi wanagawa mwanga kwenye vipande, 400 mpaka 500, 500 mpaka 600, hivyo hivyo mpaka 900, na cha mwisho 900 mpaka 1100, na kwa daraja A kila kipande kisipungue asilimia 75 ya inavyotakiwa wala kisizidi 125. Mwanga usitofautiane zaidi ya asilimia 2 kwa kusambaa na kwa kutulia. B ni asilimia 5, C ni 10. Mwaka 2020 wakaongeza A+ ambayo ni kali zaidi. Hata zenoni yenyewe sio jua kamili, ina miruko mikali kati ya nanomita 800 na 1000, inawekewa kichujio kuipunguza. Na siku hizi kuna simuleta za LED, wanachanganya LED za rangi nyingi tofauti kila moja na kiwango chake mpaka zijumlike kuwa jua. Nikamuuliza, kwahiyo na mi naweza kuchanganya? Akasema jaribu, halafu unipigie.

Nikarudi Tabata na hamu ambayo sijawahi kuwa nayo kwenye kazi hii.

Kwanza nikapima kusambaa maana hilo sikuwahi hata kuliwaza. Nikachukua kipaneli kidogo cha chaja ya simu nikakisogeza juu ya ubao wote, nimechora miraba ya sentimita 20. Katikati nikaita 100, pembeni kwenye kona 62. Kipimo chao ni kubwa toa ndogo, gawa kwa jumla yao, inakuja asilimia 23 na kitu. Hata C sipo. Na hili ni baya kuliko unavyofikiri kwasababu seli za paneli zimeungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, ampia zinazopita ni zilezile kwa zote. Ni foleni ya njia moja, lori likiwa mbele linakwenda taratibu hata wewe wa nyuma una gari zuri kiasi gani mtakwenda mwendo wa lori. Seli iliyo gizani kwenye kona ndo inaamua ampia za paneli nzima (ndo hivohivo tawi la mwembe likidondosha kivuli kwenye pembe ya paneli unapoteza kuliko ukubwa wa kile kivuli, kata tawi). Nikazungusha mbao kuta nne nikazibandika foili ya jikoni ndani ili mwanga unaotoroka urudi kwenye kona, nikasogeza taa za pembeni. Imechukua siku tatu. Kona zikapanda mpaka 84, asilimia 8.7. Daraja C kwa hicho kipengele, na mi nilishangilia kama Simba na Yanga wamefunga wote siku moja.

Halafu rangi. Nikatoa halojeni mbili zikabaki nne, nikaongeza taa sita za LED nyeupe za wati 100. LED nyeupe zina bluu ya kutosha ila infraredi hazina, halojeni ni kinyume chake, ukizichanganya zinazibiana mapengo. LED nimezilisha kwa umeme wa DC, zile za bei rahisi za kuchomeka moja kwa moja kwenye soketi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini paneli inaona. Kutulia ndo bado kunanitesa. Jioni kuanzia saa moja mtaa mzima ukiwasha pasi na majiko volti zinashuka mpaka 205, halojeni volti zikishuka kidogo mwanga unashuka zaidi na unageuka njano, yani hata rangi inabadilika. Kwahiyo napima mchana au usiku mkubwa.

Paneli ya mama sasa. Nikaiweka, paneli yangu ya marejeo ikiwa imesoma 3.05 ya mama imesoma 2.9. Zote ni za aina moja, silikoni ya fuwele moja, kioo kipya, hazina njano, kwahiyo hata rangi za taa zikikosea kidogo zinazikosea zote sawa. Nikabadilisha mzigo taratibu nikachora mchoro wake wote, goti limekaa vizuri, paneli nzima kabisa haina ubovu. Ukiipandisha kwenda jua zima unapata kama wati 95. Sio 300.

Haikua mbovu. Ilikua paneli nzuri ya wati 95 iliyobandikwa stika ya uongo.

Na hapa ndo ninapotaka kila anaenunua sola asome mara mbili, kwasababu hili hata halihitaji taa wala jua wala fundi, linahitaji tepu ya kupimia. Paneli ya mama ni mita 1.2 kwa 0.54, hiyo ni mita ya mraba 0.648. Jua la kipimo ni wati 1000 kwa mita ya mraba, kwahiyo mwanga wote unaodondokea hiyo paneli ni wati 648. Itoe 300? Ina maana inageuza asilimia 46 ya mwanga kuwa umeme. Seli ya silikoni ya kwanza yenye kufaa kwa kazi ilionyeshwa na Bell Labs Marekani mwaka 1954 ikiwa na kama asilimia 6, leo paneli nzuri za dukani zipo kwenye 20 na kidogo juu yake, na kikomo cha silikoni kwa nadharia ni kama 29. Hakuna 46. Kwahiyo pima urefu zidisha upana kwa mita, zidisha kwa 200, hapo unapata wati ambazo paneli ya ukubwa ule inaweza kuwa nazo kwa makadirio ya haki, nzuri sana itazidi kidogo. Stika ikisema mara mbili ya hapo rudisha pesa mfukoni. Wati 300 za kweli ni kitu cha mita moja na nusu ya mraba, huibebi kwapani kwenye bodaboda.

Na hesabu ya mama ikafunguka yenyewe. Kwa jua la Dar la kama masaa matano kamili kwa siku, wati 300 zingempa karibu yuniti moja na nusu. Wati 95 zinampa chini ya nusu yuniti, toa joto la bati, toa masika. Friji isingeweza kufika asubuhi hata ningefunga nini.

Tukaenda Kariakoo, mimi, mama na mpwa wake ambae njia nzima alikua kimya. Mwenye duka alitupokea vizuri, nikamwambia kaka shikamoo, mi sijaja kugombana, naomba tepu yako. Nikapima mbele yake, nikapiga hesabu kwenye kikokotoo chake mwenyewe. Akaangalia ile namba muda mrefu. Akasema "mdogo wangu mi nauza kama nilivyoletewa," na nadhani alikua anasema kweli, maana alienda kuzipima na za dukani zilizobaki tukiwa palepale, na uso wake ulibadilika kwa kila moja. Mama akamwambia kwa upole tu, "baba, mi nina wateja wananidai mtindi." Alirudisha sehemu kubwa ya hela, mama akaongeza, tukachukua paneli mbili zilizoandikwa 160. Tepu ikasema mita 1.48 kwa 0.67, inaingia akilini.

Hizo hazienei kwenye fremu yangu lakini mwalimu alishanifundisha njia nyingine siku ile, kwamba ukiwa na multimita mbili weka paneli unayoiamini pembeni ya mpya, zilalie upande mmoja, soma zote kwa sekunde moja. Wingu likipita linapita juu ya zote mbili, kinachobaki ni uwiano. Tulifanya hivyo palepale mbele ya duka watu wakajaa kutuzunguka, mtu wa kahawa akaweka birika chini anatusomea mita ya pili. Hilo ningelijua mwezi wa nne tungemaliza ubishi Chanika siku ileile. Ila taa za chumbani bado nazihitaji kwasababu kuchora mchoro mzima kunanichukua zaidi ya dakika moja, na dakika moja ya masika ni majua matatu tofauti.

Mwezi wa sita anga limetulia, upepo wa kusi, asubuhi safi isiyo na wingu. Nikaitoa tena ile ya njano ya zahanati pamoja na nzuri, juani uwiano umekuja 0.87, uleule. Nikaziingiza chumbani chini ya mchanganyiko wa halojeni na LED, mikono inatetemeka kidogo kusema ukweli. 0.89. Zamani ilikua 0.97. Nikampigia mwalimu hapohapo, akaniuliza hiyo 0.02 iliyobaki iko kwenye kipande gani cha rangi, kwahiyo sasa natafuta LED za nanomita 850 na 660 za bei ya kawaida, mwenye kujua duka aniambie.

Mwenye paneli anayoitilia shaka, isizidi mita moja na robo kwa sentimita 70, ailete Tabata tuipime, sichukui hela kwa sasa maana najifunza kwa kila moja inayokuja. Njoo mchana kabla ya saa kumi na mbili, volti zikiwa bado zimetulia.